Gari kuukuu jijini Washington: litengenezwe au liagwe?

Alfajiri ya mwezi Januari, katika maegesho ya majumba ya kupanga ya Langley Park, Hyattsville na Silver Spring, nje kidogo ya mji mkuu wa Marekani, injini kuukuu husikika zikikohoa kabla ya kuwaka. Wenye magari hayo ni wauguzi, wahudumu wa wazee, walinzi na wapishi, na miongoni mwao wamo Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo wengi. Baadhi yao kule nyumbani walikuwa na dereva wa ofisi. Huku wanasugua wenyewe barafu kwenye kioo cha mbele, na kuomba kimya kimya betri isiwe imekufa usiku.

Kwao gari si anasa. Treni za Metro, zilizoanza kubeba abiria mwaka 1976, zilipangwa zaidi kumtoa mfanyakazi wa ofisi kitongojini asubuhi, kumfikisha katikati ya jiji na kumrudisha jioni. Mtu ambaye zamu yake yaanza saa tano usiku katika nyumba ya wazee iliyo upande wa pili wa barabara kuu ya Beltway, ile inayouzunguka mji kwa umbali wa kilomita 103, hana treni ya kumfaa. Akichelewa, mwenzake wa zamu iliyotangulia hawezi kuondoka na kumwacha mgonjwa peke yake. Akichelewa mara tatu, huenda kazi ikapotea.

Ndiyo maana swali la gari kuukuu, yaani litengenezwe tena au liagwe, huleta mabishano makali katika sebule za wahamiaji. Dola 1,000 anazopewa fundi ni dola 1,000 ambazo hazitafika Kisumu, Moshi au Bukavu kulipa karo ya shule. Lakini gari likizimika katikati ya Beltway, hata hizo zinazotumwa kila mwezi zimo hatarini.

Marekani yenyewe yazeeka na magari yake

Mgeni akidhani kwamba ni wahamiaji peke yao wanaoendesha mikweche, amekosea. Mwaka 2002 wastani wa umri wa magari madogo katika barabara za Marekani ulikuwa miaka 9.6. Kufikia mwaka 2025 ulikuwa umepanda hadi miaka 12.8. Sababu moja ni njema: magari hutengenezwa vizuri zaidi kuliko zamani, na injini iliyotunzwa kufikisha maili 200,000, sawa na kilomita 320,000 na ushei, si ajabu tena.

Sababu ya pili si njema hivyo. Mwezi Septemba mwaka 2025 bei ya wastani ya gari jipya ilivuka dola 50,000 kwa mara ya kwanza. Magari ya mtumba nayo yaliwahi kupanda kwa kasi iliyowashangaza hata wauzaji: wakati wa uhaba wa vifaa vya elektroniki uliofuatia janga la korona, bei zake mwezi Juni mwaka 2021 zilikuwa juu kwa takriban asilimia 45 kuliko mwaka mmoja kabla.

Kabla ya hapo serikali yenyewe ilikuwa imelipunguza soko la magari ya bei ya chini. Katika kiangazi cha mwaka 2009, utawala wa Rais Barack Obama ulitoa ruzuku ya dola 3,500 au 4,500 kwa kila aliyesalimisha gari linalokunywa mafuta mengi na kununua jipya. Zaidi ya magari 670,000 yalisalimishwa. Injini zake zilimiminiwa kemikali iliyozigandisha ili zisiwake tena kamwe. Lengo lilikuwa kuvinusuru viwanda na kupunguza moshi, lakini wapo waliolalamika kwamba mengi ya magari hayo yangeweza kumfikisha maskini kazini kwa miaka kadhaa zaidi. Malalamiko hayo hayakukosa msingi.

Anayeuza anajua, anayenunua hajui

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na majarida matatu yaliikataa kwanza: muuzaji anajua kasoro za gari lake, mnunuzi hazijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zuri na bovu, hutoa bei ya kati. Mwenye gari zuri huiona bei hiyo kuwa ni dharau na kuondoka sokoni; mwenye bovu hubaki akitabasamu. Mwaka 2001 Akerlof alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, na tangu mwaka 2014 amefundisha katika Chuo Kikuu cha Georgetown, humo humo Washington.

Aliyewahi kununua gari Kariakoo au barabara ya Ngong hahitaji kuelezwa hayo na profesa. Jipya kwake Marekani ni kwamba ziko nyaraka, na nyaraka hizo, akijua kuzisoma, hupunguza ule ujinga wa mnunuzi.

Ya kwanza ni karatasi inayobandikwa kwenye kioo cha kila gari la mtumba katika duka la muuzaji, kwa amri ya serikali kuu tangu mwaka 1985. Humo huelezwa kama gari lina dhamana au linauzwa kama lilivyo. Likiuzwa kama lilivyo, likafa kwenye kona ya kwanza baada ya kutoka dukani, kwa kawaida hasara ni ya mnunuzi. Muuzaji binafsi, yule anayeweka tangazo la simu kwenye kioo, halazimiki kubandika chochote.

Ya pili ni hati ya umiliki, ambayo Watanzania huiita kadi ya gari. Gari lililowahi kugongwa vibaya au kuzama katika mafuriko na kufutwa na kampuni ya bima hupaswa kuwa na alama katika hati hiyo. Baada ya vimbunga Katrina mwaka 2005, Sandy mwaka 2012 na Harvey mwaka 2017, magari mengi yaliyolowa yalisafishwa, yakapigwa manukato na kuuzwa katika majimbo ya mbali. Mnunuzi mwerevu hunusa ndani, huinua kapeti na kupitisha kidole chini ya viti. Tope na kutu mahali ambapo mvua haifiki hutoa ushahidi ulio wazi zaidi kuliko maneno ya muuzaji.

Hati hiyo huonyesha pia maili ambazo gari limetembea. Kurudisha nyuma mita ni kosa katika sheria ya Marekani tangu mwaka 1972. Hata hivyo, kuna mwanya: gari la mwaka 2010 au kabla ya hapo limesamehewa kutangaza maili wakati wa kuuzwa, ilhali yale ya mwaka 2011 na kuendelea hutangaza kwa miaka 20. Kwa mnunuzi wa magari ya bei ya chini, mwanya huo uko pale pale anaposimama. Kanyagio la breki lililolika hadi chuma na usukani uliong'aa kwa mikono havilingani na maili 70,000, hata mita iseme nini.

Mji mmoja, sheria tatu

Washington na vitongoji vyake vimegawanyika kati ya wilaya ya mji mkuu na majimbo mawili, Maryland na Virginia, na kila mmoja una kanuni zake. Mtu akihama nyumba kwa kilomita tano tu anaweza kujikuta chini ya sheria nyingine kabisa.

Katika Maryland, gari la mtumba hukaguliwa usalama wake linapobadilisha mwenyewe, na cheti hicho hudumu siku 90. Baada ya hapo jimbo haliulizi tena habari za breki. Hudai kipimo cha moshi tu, kila baada ya miaka miwili. Hapa ndipo mtego wa kawaida ulipo. Muuzaji husema: "Nakupunguzia dola 300, ukaguzi utafanya mwenyewe." Mnunuzi hufurahi, kisha karakana humwambia kwamba matairi yamekwisha, kioo kina ufa mbele ya dereva, na chesisi imeliwa na kutu. Bila cheti hapati namba za kudumu, na muuzaji hapokei tena simu.

Virginia hukagua usalama kila mwaka. Gari likishindwa hubandikwa karatasi ya kukataliwa na mwenyewe hupewa siku 15 za kulitengeneza. Wengi huulalamikia utaratibu huo, lakini unamfaa anayetaka kununua: gari la Virginia lenye karatasi mpya limetazamwa na mtu hivi karibuni. Kwa upande mwingine, serikali za mitaa za Virginia, kama Fairfax na Arlington, hutoza kodi ya mali juu ya gari kila mwaka kwa kufuata thamani yake. Mwenye gari jipya huipokea ankara hiyo kwa uchungu. Gari lenye thamani isiyozidi dola 1,000 husamehewa kodi hiyo kabisa.

Mji wa Washington wenyewe uliacha kukagua usalama wa magari ya binafsi mwezi Oktoba mwaka 2009, ukabakiza kipimo cha moshi.

Kipimo hicho cha moshi kimezua ujanja wake. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, gari halipiti. Kwa hiyo wapo wanaochomoa betri usiku ili taa izimike. Haisaidii. Katika magari yaliyotengenezwa tangu mwaka 1996, kompyuta ya gari hukumbuka kwamba imefutwa, na mashine ya ukaguzi huliona gari kuwa halijawa tayari kupimwa. Mwenyewe hurudishwa nyumbani, na kasoro yake bado iko pale pale.

Hesabu ya kweli

Kauli inayorudiwa sana ni kwamba gharama ya matengenezo ikizidi thamani ya gari, gari litupwe. Kauli hiyo ina ladha ya busara lakini inalinganisha vitu visivyolingana. Mwenye gari hachagui kati ya kulipa fundi na kubaki na fedha zake. Anachagua kati ya kulipa fundi na kulipia gari jingine.

Chukua mfano wa Honda Accord ya mwaka 2008, ambayo sokoni ingepata dola 3,000. Fundi anataka dola 1,800 kwa breki, vifyonza mishtuko na radieta. Mwenyewe anafikiria kuchukua gari la dola 15,000 kwa mkopo wa miaka mitano, na kwa kuwa historia yake ya mikopo nchini bado ni changa, riba ni asilimia 12. Atalipa kama dola 334 kila mwezi, na mwisho wake atakuwa ametoa dola 20,000 na ushei. Ile Honda, ikitembea miezi sita tu baada ya kutoka kwa fundi, imekwisha rudisha gharama yake. Kila mwezi unaofuata ni faida. Kweli, gari la mkopo litabaki na thamani fulani baada ya miaka mitano, lakini thamani hiyo hailipi pango la mwezi huu.

Kuna pia bima. Mkopeshaji hulazimisha ile ambayo kwao huitwa bima kubwa. Mwenye gari kuukuu lisilodaiwa anaweza kubaki na bima ndogo, inayolipa madhara atakayomfanyia mwingine. Kulikatia bima kubwa gari la dola 2,000 mara nyingi ni kulipa ada za miaka miwili kwa kitu ambacho, hata kikiharibika chote, kampuni itakilipia pungufu ya hapo, tena ikitoa kwanza sehemu inayomhusu mwenyewe. Hata hivyo, bima ndogo isipunguzwe kupita kiasi. Ajali katika mji huu huweza kuhusisha gari la dola 80,000, na deni linalobaki humfuata dereva.

Kosa kubwa zaidi katika hesabu hizi ni la moyo. "Mwezi uliopita tu nimeweka matairi mapya, sasa nitaliachaje?" Fedha za matairi zimekwenda, iwe gari limebaki au limeondoka. Yaliyopita si ndwele, walisema wahenga. La kuulizwa ni moja: miezi 12 ijayo, gari hili litadai nini?

Jibu hutegemea ni ugonjwa gani. Breki, betri, alternata, radieta na vifyonza mishtuko ni maradhi ya uzee ya kawaida. Vipuri vya Toyota na Honda vipo kila kona, ingawa ushuru wa forodha uliotangazwa mwaka 2025 umeigusa bei ya vipuri kutoka nje. Mkanda wa taimingi ni habari nyingine. Honda nyingi za silinda nne hadi mwaka 2002 zina mkanda huo wa mpira, na ukikatika safarini, vali hugongana na pistoni na injini hufa papo hapo. Anayenunua gari la namna hiyo bila risiti ya mkanda mpya, auhesabu mkanda kuwa sehemu ya bei. Toyota Camry za silinda nne kuanzia mwaka 2002 zina mnyororo badala ya mkanda, ila zile za 2007 hadi 2009 zinajulikana kwa kula oili. Gari la namna hiyo si la kutupwa. Mwenyewe apime oili kila anapojaza mafuta, naye atafika nalo mbali.

Giaboksi ya otomatiki ikianza kuteleza, hapo ndipo mazungumzo ya kuagana huanza. Vivyo hivyo injini inayochanganya maji na oili.

Na kuna kutu. Kila majira ya baridi barabara za Washington humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini, mahali asipopatazama mtu. Rangi inaweza kung'aa huku mabomba ya breki yamebaki kama karatasi. Mabomba hubadilishwa. Chesisi iliyotoboka ni neno la mwisho, hata kama injini yaimba. Mafundi wengi wa uani, wale wa Jumamosi ambao huchukua nusu ya bei ya karakana, hawana jeki ya kuliinua gari lote. Kuwalipa fundi wa karakana saa moja alitazame chini kabla ya kununua, au kabla ya kuamua, ni fedha iliyotumika vema.

Kasoro isiyosubiri

Ipo kasoro moja isiyoingia katika hesabu yoyote ya dola. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, inayopaswa kumkinga dereva wakati wa ajali, ilikutwa na baruti inayoharibika kwa joto na unyevu kadiri miaka inavyopita. Badala ya kuvimba, mfuko huweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma usoni na shingoni. Nchini Marekani vifo 28 vimehusishwa na kasoro hiyo, na takriban mifuko milioni 67 iliamriwa ibadilishwe.

Yaliyo hatarini kupita yote ni hasa yale ambayo mhamiaji hununua kwa bei nafuu: Honda Civic na Accord za mwaka 2001 na 2002, Honda CR-V na Odyssey za 2002, Honda Pilot ya 2003 na Acura za 2002 na 2003. Mwezi Juni mwaka 2016 mamlaka ya usalama barabarani, yenye makao yake makuu mjini Washington, ilitangaza kwamba baadhi ya mifuko hiyo ina uwezekano wa hadi asilimia 50 wa kulipuka ajali inapotokea, na kuwataka wenye magari hayo wasiyaendeshe ila kuyapeleka kutengenezwa.

Kubadilisha mfuko huo ni bure kwa mwenye gari, hata awe mmiliki wa tano. Lakini barua za tahadhari hutumwa kwa anwani iliyoandikishwa, na gari lililopita mikono mitano mara nyingi barua yake hufika kwa mtu mwingine. Dawa ni kuchukua namba ya gari yenye tarakimu na herufi 17, iliyoandikwa chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, na kuiingiza katika tovuti ya mamlaka hiyo. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili. Jamaa walioko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambako magari ya Japani ya miaka hiyo hiyo bado yanatembea, wana sababu ya kuwauliza mawakala wa kampuni swali hilo hilo.

Likiagwa, liende wapi?

Wengi huwaza kulisafirisha nyumbani. Bandari ya Baltimore, umbali wa saa moja kutoka Washington, ni miongoni mwa bandari kubwa za magari nchini. Lakini gari la Marekani lina usukani wa kushoto. Kenya hairuhusu magari ya namna hiyo kwa matumizi ya kawaida, wala gari la mtumba lililopita miaka minane. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yaliyopita miaka 15. Tanzania huyatoza yaliyozeeka ushuru wa uchakavu. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia, hivyo usukani si tatizo, lakini gharama za meli na forodha mara nyingi huizidi thamani ya gari lenyewe.

Zilizobaki ni njia za karibu: kuliuza kwa mtu huku kasoro zikielezwa kwa maandishi, kulipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, au kulitoa sadaka kwa shirika la hisani. Tangu mwaka 2005 nafuu ya kodi kwa sadaka ya gari kwa kawaida hufuata kiasi ambacho shirika limeliuzia, na kwa mkweche kiasi hicho ni kidogo.

Vyovyote itakavyokuwa, katika Maryland namba za gari hung'olewa na kurudishwa katika ofisi ya magari ya jimbo kabla bima haijasitishwa. Wapo waliouza gari Jumamosi, wakapiga simu kusimamisha bima Jumatatu, na namba wakaziacha kwenye gari. Kompyuta ya jimbo iliona gari lililosajiliwa kwa jina lao lisilo na bima, na faini ikaanza kuhesabiwa kwa siku, kwa gari ambalo hawakuwa nalo tena.